Mtoto hajapata choo siku kadhaa: cha kuangalia na cha kufanya

Mama akiniambia mtoto wake hana choo siku ya nne leo, namuuliza kwanza choo cha mwisho kilikuwaje. Kilikuwa laini au kigumu? Kilitoka vizuri au mtoto alilia? Kilikuwa kama uji, kama mkate uliolowa, au vidonge vikavu kama vya mbuzi? Wengi hawakumbuki, maana nepi ilikunjwa upesi ikatupwa. Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, na nimeona watoto wenye afya njema wakinyweshwa dawa wasizozihitaji kwa kuwa nyumbani watu walihesabu siku. Nimeona pia mtoto anayepata choo kila siku ambaye amefunga choo vibaya, kwani kila siku anachotoa ni vidonge viwili vigumu na kilio cha kutia huruma.

Kwa hiyo tuelewane neno lenyewe. Kufunga choo, au uyabisi wa tumbo kama vitabu vinavyouita, ni choo kuwa kigumu na kikavu na kutoka kwa shida. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa humo muda mrefu, maji yanazidi kufyonzwa, choo kinazidi kukauka, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu kutoka. Mtoto anayekaa siku tano bila choo kisha akatoa choo laini hajafunga choo. Anayetoa mawe kila asubuhi amefunga.

Hatua ya kwanza: jua umri wake na anachokula

Choo cha kwanza kabisa ni cheusi, kinanata kama lami. Watoto wengi waliozaliwa miezi yao ikiwa imetimia hukitoa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Saa 48 zikipita bila choo hicho, usisubiri nyumbani, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Kuna watoto wanaozaliwa njia ya haja kubwa ikiwa haijafunguka sawasawa. Wapo pia wenye ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo wa mtoto huyo haina seli za fahamu zinazoufanya ulegee na kusukuma, hivyo choo kinakwama juu yake na tumbo linajaa. Unampata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Ni wachache, na tiba yake ni upasuaji, ila anayecheleweshwa anaweza kupoteza maisha. Ukiulizwa wodini kabla ya kuruhusiwa kama mtoto ameshapata choo, tafadhali usijibu ndiyo kwa kuwa tu gari la kuwarudisha nyumbani limeshafika. Kama hujakiona kwa macho yako, sema hujakiona.

Kuanzia siku ya nne au ya tano choo cha mtoto anayenyonya hugeuka njano, chepesi, chenye vipunje vidogovidogo. Mwezi wa kwanza wengi wanapata choo mara tatu, nne au zaidi kwa siku, na wapo wanaochafua nepi kila wakinyonya. Huko si kuharisha. Linaloniogopesha katika umri huu ni choo kuwa haba. Mtoto wa wiki mbili anayenyonya, ambaye choo kinapita siku mbili bila kuonekana, mara nyingi hajafunga choo: hapati maziwa ya kutosha. Hesabu nepi za mkojo. Baada ya siku ya tano zinatakiwa zifike sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo uwe mweupe. Zikipungua hapo, mpeleke akapimwe uzito na umwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha. Mara nyingi kosa liko kwenye mkamato: mtoto ameshika ncha ya chuchu tu, wakati mdomo unapaswa kupanuka ushike na sehemu kubwa ya eneo jeusi linaloizunguka.

Kisha inakuja zamu inayotisha familia nyingi bila sababu. Mtoto akishapita wiki sita hivi, kama ananyonya maziwa ya mama peke yake, choo kinaweza kupungua ghafla. Aliyekuwa anachafua nepi tano anakaa siku tatu, tano, hata wiki. Maziwa ya mama yanasagika vizuri sana na mabaki yake ni machache. Kama anacheza, ananyonya, anakojoa, tumbo ni laini na uzito unapanda kwenye kadi, hakuna cha kutibu hapo.

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miezi minne. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Huyu mtoto leo siku ya sita hajaenda choo, na mama yake amekaa tu." Mkwewe alikuwa nyuma yake, kimya, macho chini. Bibi akafungua pindo la khanga akatoa kipande cha sabuni ya mche cha kumtia mtoto njia ya haja kubwa, amekichonga chembamba kama penseli, ncha yake ameilainisha kwa maji. Alikuwa amekiandaa tangu alfajiri, akakubali kupita kwangu kwanza kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kupima uzito. Nilimlaza mtoto, nikamvua nepi, nikauchukua mkono wa bibi nikauweka juu ya tumbo la mjukuu wake abonyeze mwenyewe. Lilikuwa linabonyea kama unga uliokandwa vizuri, na mtoto anacheka, anavuta shanga za bibi. Mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa unapanda bila kuvunjika. Tuliongea kwa utulivu, nikamwomba anipe siku chache na mama aendelee kunyonyesha. Mwezi uliofuata walirudi, na safari hii mkwe ndiye aliyeongea: choo kilitoka siku ya nane, laini, kikajaa nepi mpaka mgongoni.

Mtoto wa maziwa ya kopo ana hesabu yake. Choo chake ni kizito zaidi, rangi ya kahawia au kijani kilichofifia, na kwa kawaida hutoka mara moja kwa siku au kila baada ya siku moja. Huyu ndiye anayefunga choo kweli mara nyingi kuliko anayenyonya.

Hatua ya pili: tofautisha kujikamua na kufunga choo

Mtoto wa miezi miwili anajikunja, uso unakuwa mwekundu, anakunja ngumi, analia dakika kumi au ishirini, nyumba nzima imesimama. Kisha anatoa choo laini kabisa na kulala. Kesho tena vilevile. Wengi wanaamini huu ni mchango au choo kimefunga, na dawa za majani huanzia hapa.

Ili choo kitoke, mambo mawili lazima yatokee pamoja: tumbo lisukume na misuli ya chini ilegee. Mtu mzima hufanya hivyo bila kufikiri. Mtoto mchanga bado hajaoanisha. Anasukuma huku amebana, na kilio ndicho kinachompa nguvu ya kusukuma. Tena amelala chali, hana msaada wa uzito wake kama sisi tunaochuchumaa. Hali hii huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa, kwa wengi kabla ya miezi sita. Haihitaji dawa. Ukimsisimua njia ya haja kubwa kwa kijiti cha pamba au kipimajoto kila akijikamua, atazoea kungoja msaada huo na itamchukua muda mrefu zaidi kujifunza.

Kinachoamua ni kitakachotoka. Laini: mtoto anajifunza. Kigumu, kikavu, au chenye mchirizi wa damu juu yake: endelea kusoma.

Hatua ya tatu: kabla ya tiba yoyote ya nyumbani, hakikisha hana dalili hizi

Nimeiweka mapema makusudi, maana wapo wanaokanda tumbo la mtoto usiku kucha wakati alitakiwa awe hospitali tangu jioni.

Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku, ukiona:

- anatapika matapishi ya kijani, au anatapika kila anachopewa;
- tumbo limevimba, limekaza kama ngoma, na hataki kuguswa;
- anakataa kunyonya, ana homa, au amelegea kuliko kawaida yake;
- kilio cha kupasuka kinachokuja na kuondoka, anakunja miguu kifuani, katikati anatulia na kupauka, kisha choo kinatoka na damu na makamasi kama jemu nyekundu. Hapo huenda utumbo umeingia ndani ya utumbo mwingine, na saa chache ni nyingi;
- utosi umebonyea, mdomo mkavu, na hajakojoa kwa saa sita au zaidi;
- kope zinaanguka, kilio kimefifia, ananyonya bila nguvu, shingo haishiki kama zamani.

Mengine hayahitaji kukimbia usiku lakini hayavumilii wiki: mtoto aliye chini ya mwezi mmoja mwenye choo kigumu, uzito usiopanda, choo kinachotoka chembamba kama utepe kila mara, tatizo lililoanza tangu siku za kwanza za maisha, miguu isiyochezacheza vizuri, au shimo lenye nywele chini ya uti wa mgongo. Choo kigumu kwa mtoto mchanga ambaye pia manjano hayaishi, ulimi ni mkubwa, kitovu kimechomoza na sauti ya kilio ni nzito, kinaweza kuwa upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Ugonjwa huo ukigunduliwa mapema na kutibiwa, akili ya mtoto inaokoka. Na choo kikiwa cheupe kama chokaa, hata kikiwa laini, mpeleke. Huenda ini na njia za nyongo zina tatizo.

Hatua ya nne: tafuta chanzo na ukirekebishe

Kama dalili hizo hazipo na choo ni kigumu kweli, chanzo karibu kila mara kiko kwenye kinachoingia mdomoni.

Anza na kopo, kama analitumia. Nilimtembelea mama aliyelalamika mtoto wa miezi mitatu anatoa choo kama udongo wa kufinyangia. Nilimwomba aandae chupa mbele yangu kama anavyofanya siku zote. Alitia unga kwanza, kijiko kimejaa kilima, halafu akaongeza maji mpaka kwenye alama. Alisema akikipangusa mtoto hashibi. Pale makosa yalikuwa mawili. Maji ndiyo yanayotangulia, yaliyochemshwa, yapimwe kwenye chupa yakiwa peke yake. Kisha unatia unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, ukikipangusa kwa kisu kisafi kiwe bapa. Makopo yanatofautiana, vijiko vinatofautiana, basi soma kipimo cha kopo ulilonunua. Usihamishe kijiko cha kopo la zamani. Maziwa mazito hukausha choo na kuzichosha figo za mtoto. Maziwa mepesi ya kubana matumizi humdumaza. Yule mama alibadili kipimo na choo kikalainika ndani ya siku chache. Kubadilisha aina ya maziwa kila wiki hakusaidii, na kunamaliza fedha za watu bure.

Kama ananyonya tu na hajafika miezi sita, usimpe maji, wala juisi, wala uji wa kulainishia. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari yanamtosha. Maji yanajaza tumbo dogo, yanapunguza kunyonya, na mara nyingi yanaleta kuharisha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Choo kigumu kwa mtoto anayenyonya tu ni nadra, hivyo ukikiona, uliza kwanza kama kuna mtu anampa kitu kingine usipokuwepo. Uliza kwa upole. Dada wa kazi au bibi akiulizwa kwa ukali ataficha.

Sasa miezi sita. Hapa ndipo ninapokutana na watoto wengi, na ndipo nilipokutana na wangu. Mwanangu wa kwanza nilimwanzishia uji wa lishe wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga, nikiamini vingi ndivyo bora. Bakuli asubuhi, bakuli mchana, bakuli jioni. Alikuwa anashiba, kwa hiyo nikapunguza kumnyonyesha. Tunda hakuna, maji hakuna, mboga hakuna. Wiki ya pili alitoa choo huku anatetemeka, na juu ya choo kulikuwa na mchirizi wa damu nyekundu mbichi. Nilikuwa tayari nimesomea uuguzi, na bado nililia naye.

Nilichobadilisha ni hiki, na ndicho ninachowaelekeza kina mama hadi leo. Nilirudisha titi kabla ya kila mlo. Uji ukabaki mzito, maana uji wa maji hauna nguvu ya kumkuza mtoto na watu wengi hukimbilia kuuzimua wakisikia choo kigumu. Maji yakaja pembeni: yaliyochemshwa na kupoa, kwa kikombe kidogo, funda chache kila baada ya mlo. Kuanzia miezi sita hadi mwaka, jumla ya nusu kikombe hadi kikombe kimoja kwa siku inatosha kwa anayeendelea kunyonya. Mlo mmoja wa uji nikauondoa, mahali pake nikaweka papai.

Papai liwe limeiva hadi linabonyea kidogo kwa kidole. Osha, kata, toa mbegu zote, kwangua nyama kwa kijiko na uiponde kwa uma. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, ongeza kadiri anavyozoea. Nalipenda papai kuliko vyote kwa kuwa liko sokoni karibu mwaka mzima, bei yake inavumilika, na watoto hawalikatai. Embe bivu na parachichi vinafanya kazi nzuri pia. Chungwa lisagwe na nyama yake ukiondoa ngozi nyeupe na kokwa. Juisi iliyochujwa imeacha kambakamba zote kwenye chujio. Juisi za boksi ni sukari, ziache.

Kwenye chungu weka boga, mchicha, matembele, bamia. Mlenda watu wa Dodoma na Singida wanaujua, na kwa tumbo la mtoto ni mzuri kweli. Maharage, kunde au njegere vipikwe viive kabisa, viondolewe ganda gumu kwa kupitisha kwenye chujio, viwe laini. Tia kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia kwenye chakula chenyewe. Kama uji ni wa sembe, jaribu dona iliyosagwa laini au ulezi, kwani sembe imekobolewa na ganda la nje limekwenda na pumba.

Ndizi inawachanganya wengi. Ndizi mbivu, ile iliyoanza kuwa na madoadoa, haina shida kwa watoto walio wengi. Ndizi mbichi za kupika, na mtori kila siku bila mboga wala tunda, hukaza choo. Sisemi msipike mtori. Nasema usiwe peke yake kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja. Baada ya hapo yasizidi nusu lita kwa siku. Mtoto anayekunywa lita nzima hali chakula kingine, choo kinakuwa kama plastiki ya kuchezea, na damu inapungua. Wachache wana mzio wa maziwa ya ng'ombe unaojitokeza kwa choo kigumu pamoja na vipele au kutapika. Huo autafute daktari, usimkatishe maziwa kwa kubahatisha.

Yape mabadiliko haya siku tatu hadi tano kabla ya kusema yameshindwa.

Hatua ya tano: mikono yako

Kukanda hakumwagi choo kama bomba, lakini kunalegeza tumbo na kumtuliza mtoto, na mama aliyekuwa na hofu anapata la kufanya.

Chagua wakati ambao hajashiba sana. Nusu saa au saa moja baada ya kunyonya, au baada ya kuoga maji ya uvuguvugu. Pasha mikono kwa kuisugua. Mafuta kidogo ya nazi au ya watoto. Mtoto amelala chali mbele yako, miguu ikikuelekea. Weka vidole bapa chini ya tumbo upande wake wa kulia, ambao kwako wewe unayemtazama ni upande wako wa kushoto. Panda nao taratibu hadi chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu kwenda upande wa pili, shuka hadi chini. Ndiyo njia utumbo mpana unavyozunguka, na ni uelekeo wa mshale wa saa. Ukienda kinyume unarudisha mzigo ulikotoka. Bonyeza kwa uzito wa kusukuma unga laini, uone ngozi inafuata vidole. Akikaza tumbo au akilia, acha.

Baada ya dakika tatu au nne, shika vifundo vya miguu, izungushe kama ya anayeendesha baiskeli, mguu huu na huu. Kisha magoti yote mawili yasogeze taratibu yafike tumboni, hesabu hadi tano, yaachie. Mara nyingi upepo unatoka hapo hapo. Rudia mara mbili au tatu kwa siku. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kidogo ukiwa unamtazama.

Mkundu ukiwa na mchubuko, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka vaselini nje tu. Epuka vitambaa vyenye manukato. Damu kidogo nyekundu juu ya choo kigumu mara nyingi ni mchubuko huo, na unapona choo kikilainika, lakini muuguzi auone.

Hatua ya sita: vitu usivyopaswa kuvitumia

Sabuni. Najua imetumika vizazi na vizazi, na bibi anayeitumia anaitumia kwa mapenzi. Ila sabuni ya mche ina ukali wa magadi, na ngozi ya ndani ya mtoto ni laini kuliko ndani ya shavu lako. Inaunguza. Choo kinatoka kwa sababu utumbo unakimbia maumivu. Kesho yake mtoto anaogopa kusukuma kwa kuwa kidonda kinauma, choo kinakauka zaidi, na sabuni inatafutwa tena.

Kuingizia mtoto maji, majani au dawa kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa nyumbani ni hatari kubwa zaidi. Ukuta wa utumbo ni mwembamba, unaweza kutoboka. Kilichoingizwa kinafyonzwa moja kwa moja kwenye damu, kiwe sumu au chumvi nyingi, na mwili wa kilo tano hauna pa kukiweka.

Mafuta ya nyonyo, na dawa za kuendesha za watu wazima, zisikaribie mtoto. Kumnywesha mafuta kwa kijiko pia acha: akipaliwa, mafuta yanaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia ngumu kutibu.

Asali nitaisema peke yake, kwa kuwa wanaoitoa wanaamini ni dawa salama kabisa. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulamba kidoleni, hata ya nyuki wako mwenyewe. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazishinda, lakini kwa mtoto zinachipua ndani ya utumbo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuchanganya kwenye uji wa moto hakuziui. Na dalili ya kwanza ya sumu hiyo ni kufunga choo. Nimekaa na familia iliyotoa asali kulainisha choo, choo kikakazana zaidi, wakaongeza asali.

Dawa zipo, zipo hata kwa watoto wadogo. Laktulosi ni mojawapo, ya maji, inayovuta maji kwenye choo. Kipimo hutolewa kwa umri na uzito, hivyo iandikwe na mtaalamu aliyemwona mtoto, na mtoto wa jirani asigawiwe iliyobaki.

Mtoto aliyeanza kutembea

Kwa huyu tatizo huwa limehamia kichwani. Alipata choo kimoja cha kuumiza, akakata shauri hataki tena. Utamwona anasimama kwa vidole vya miguu, amebana makalio, amejificha nyuma ya kochi au pazia, uso unatoka jasho. Wazazi hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Muda si muda choo laini kinavuja pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo, na wengi humpiga wakidhani ni uvivu. Tafadhali msimpige. Hana habari kinatoka.

Tumbo lina tabia ya kuamka baada ya kula. Mkalishe kwenye poti dakika tano baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni, miguu ikanyage chini imara, magoti yapande kidogo juu ya nyonga. Kama ni choo cha kukaa cha watu wazima, weka kigoda. Kaa naye, mwimbie. Ukiona anaogopa poti, mwache na nepi kwa sasa na ulainishe choo kwanza, mafunzo yatasubiri.

Ukienda kliniki

Nenda na kadi, na majibu ya maswali haya yawe tayari: choo cha kwanza baada ya kuzaliwa kilitoka lini, tatizo lilianza lini na nini kilibadilika wiki hiyo, anakula nini tangu asubuhi hadi usiku, amepewa dawa gani, zikiwemo za majani. Hizo za majani zitaje. Muuguzi mzuri hatakugombeza, na akikugombeza vumilia umalize kusema, kwa faida ya mtoto.

Choo usikitupe. Kifungie kwenye nepi ukilete, au piga picha kwa simu kwenye mwanga wa mchana, kila siku kwa siku nne au tano. Simu za kina mama wa kliniki yetu zina picha hizi katikati ya picha za harusi, na zimetusaidia kuliko maelezo marefu.

Ukipewa dawa ya kulainisha, uliza itatumika kwa muda gani na uimalize hivyo. Choo kikilainika siku ya tatu wengi huacha. Utumbo uliotanuka kwa wiki nyingi unachukua wiki nyingi kurudi, na mtoto aliyeogopa anahitaji vyoo laini vingi mfululizo ndipo aamini kwamba hakiumi tena. Dawa ikiachwa mapema, tunaonana tena baada ya mwezi na tunaanza upya.